Kuandika maelezo ya zana za mawakala wa akili mnemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa waandishi wa programu wanaounganisha mifumo yao na wakala wa akili mnemba: anayejibu wateja kwenye WhatsApp, anayechimbua taarifa kwenye hifadhidata, anayekata tiketi. Majibu mengi yanatumia mfano mmoja wa kubuni, kampuni ya mabasi yenye zana nne: `tafuta_safari`, `kata_tiketi`, `badili_safari` na `futa_tiketi`. Aliyekwisha kuunda wakala anaweza kuruka maswali ya mwanzo na kwenda moja kwa moja kwenye saa na tarehe, maana hapo ndipo mifumo inayohudumia Waswahili inapojikwaa kwa namna ambayo nyaraka za kigeni hazikutayarishi.

"Zana" ni nini hasa?

Ni kipande cha programu ambacho modeli ya lugha, yaani ubongo wa wakala, inaruhusiwa kuomba kiendeshwe. Modeli yenyewe haiendeshi chochote. Inatoa maandishi yanayosema, kwa mfano, "naomba `tafuta_safari`, kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, tarehe fulani". Programu yako inayasoma, inafanya kazi, inarudisha majibu, na modeli inaendelea kuanzia hapo.

Utafiti wa ReAct wa mwaka 2022 ulionyesha modeli ikipishanisha kufikiri na kutenda kwa mtindo huu. Juni 2023 OpenAI, kampuni ya ChatGPT, wakauingiza rasmi kwenye API yao (njia ambayo programu nyingine huitumia kuiita modeli), na Novemba 2024 Anthropic, kampuni ya modeli ya Claude, wakatoa MCP (Model Context Protocol), itifaki ya wazi inayowezesha zana uliyoandika mara moja kutumiwa na programu nyingi tofauti. Kila mfumo una mitindo yake, lakini kote utakuta mambo matatu: jina, maelezo, na orodha ya vigezo (taarifa ambazo zana inahitaji kupewa) iliyoandikwa kwa JSON Schema, mtindo wa kueleza umbo la data.

Maelezo hayo yanasomwa na nani, na lini?

Yanasomwa na modeli, kila inapoitwa. Maelezo ya zana zilizopo hutangulizwa pamoja na maandishi mengine inayopokea, kabla haijaamua neno la kwanza la kujibu.

Modeli haioni msimbo wako. Haioni maoni uliyoandika ndani ya msimbo, haioni hifadhidata, na haikuwepo kwenye kikao cha Jumatatu mlipokubaliana kwamba tiketi haifutwi zikibaki saa 24 kabla ya safari. Ni mgeni uliyemwachia duka na karatasi moja ya maelekezo, kisha ukazima simu. Kama sharti lile la saa 24 halimo kwenye karatasi, atamwambia mteja "hamna shida, nakufutia sasa hivi", halafu mfumo utamkatalia, na mteja atakuwa ameshaahidiwa.

Jina la zana yangu linajieleza. Kwa nini niandike zaidi?

Linajieleza kwako, kwa sababu wewe ndiye uliyelitunga. `tafuta_safari` ni jina zuri, lina kitenzi na kinachotendwa. Lakini halisemi kama inaonyesha safari zilizojaa, kama inashika kiti, au kama inajua safari za mwezi ujao. Majina mabaya kabisa ni ya aina ya `shughulikia_ombi` na `data2`. Hayo modeli huyatumia kwa kubahatisha, na haina namna nyingine.

Zana zako zikikaa pamoja na za wengine, weka kiambishi cha mfumo mbele: `basi_tafuta`, `hoteli_tafuta`. Jitahidi jina liwe na herufi za kawaida, tarakimu na mstari wa chini tu, maana API nyingi hazikubali nafasi wala alama nyingi nyingine. OpenAI wanaweka kikomo cha herufi 64.

Basi maelezo mazuri yana nini ndani?

Tuanze na yale tunayoyakuta mara nyingi:

> Inatafuta safari.

Hayo hayajaongeza neno juu ya jina. Sasa linganisha:

> Inatafuta safari za mabasi zenye viti vilivyobaki kati ya stendi mbili, kwa siku moja. Itumie mteja anapouliza ratiba, nauli au nafasi. Haishiki kiti wala haikati tiketi. Kwa hilo tumia `kata_tiketi`. Inaona siku 30 mbele tu. Inarudisha safari zisizozidi 10, zikianza na inayoondoka mapema. Orodha tupu maana yake hakuna kiti siku hiyo. Haimaanishi kwamba njia hiyo haipo.

Sentensi ya kwanza inasema kazi na mipaka yake: zenye viti, stendi mbili, siku moja. Ya pili inasema ni wakati gani wa kuitumia, na imeandikwa kwa maneno ya mteja badala ya maneno ya mfumo. Wateja hawaulizi "rekodi za safari", wanauliza nauli. Ya tatu inasema zana *haifanyi* nini, na inayoifuata inaelekeza kwingine. Sentensi ya namna hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote, nami ningekuwa na nafasi ya sentensi mbili tu, moja ingekuwa hiyo.

Mbili za mwisho, kuhusu orodha tupu, zinaonekana ndogo. Lakini fikiria bila hizo: mteja anauliza basi la Desemba 24 kwenda Moshi, viti vimekwisha, zana inarudisha orodha tupu, na wakala anamjibu kwamba kampuni haina basi la Moshi. Hajadanganya kwa makusudi. Ameona utupu akautafsiri alivyoweza.

Yasiyo na nafasi humo ni haya: sifa ("zana ya kisasa na yenye nguvu"), majina ya majedwali ya hifadhidata, lugha ya programu iliyotumika, na habari za toleo lililopita.

Yawe marefu kiasi gani?

Nyaraka za Anthropic zinashauri angalau sentensi 3 hadi 4 kwa zana, na zaidi kwa zana ngumu. Ni kipimo kizuri cha kuanzia. Ukumbuke tu kwamba unalipia tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli husoma) za maelezo hayo kila modeli inapoitwa, hata mteja anapoandika "asante" peke yake. Njia yangu ya kupunguza ni kuisoma kila sentensi na kuuliza: nikiiondoa, kuna uamuzi wowote wa wakala utakaobadilika? Kama hakuna, naitoa.

API yetu ina nyaraka nzuri. Nizinakili tu?

Hapana. Nyaraka za API ziliandikwa kwa mtu atakayekaa siku nzima akisoma, kujaribu na kumuuliza mwenzake. Zinaeleza mambo ya uthibitishaji, vichwa vya maombi na misimbo ya HTTP, ambayo modeli haiyagusi kabisa, na mara nyingi zinakaa kimya kuhusu lini utumie huduma ipi. Chukua humo ukweli wa vigezo, mengine yaandike upya.

Wakala wetu anakosea saa na tarehe. Tufanyeje?

Hili lina matawi mengi.

La kwanza ni saa yenyewe. Mteja anaandika "nataka basi la saa kumi na mbili asubuhi Jumamosi". Anamaanisha 06:00. Modeli kubwa kwa kawaida zinaijua saa ya Kiswahili, lakini kujua si sawa na kukumbuka kila mara, hasa mteja anapoandika kwa tarakimu: "saa 12 asubuhi", "saa 2 usiku". Mwingine katika mazungumzo yaleyale ataandika "8pm", na mwingine "saa 20:00". Usiache suala hili lijimalize lenyewe. Liandike kwenye maelezo ya kigezo:

> `saa_ya_kuondoka`: Saa kwa mtindo wa saa 24, HH:MM. Wateja hutaja saa kwa Kiswahili: saa 12 asubuhi ni 06:00, saa 4 asubuhi ni 10:00, saa 8 mchana ni 14:00, saa 3 usiku ni 21:00. Mteja akisema "saa 2" bila kusema asubuhi au usiku, muulize kabla ya kuita zana.

Angalia kwamba hakuna kanuni ya "ongeza au punguza 6" hapo. Mifano minne inafanya kazi vizuri zaidi ya kanuni, kwa sababu kanuni inaiachia modeli kuchagua lini iongeze na lini ipunguze.

La pili ni usiku wa manane. "Jumamosi saa saba usiku" ni lini? Kwenye kalenda ya kompyuta, saa 01:00 ya Jumamosi inakuja mara tu baada ya Ijumaa kuisha. Lakini abiria wengi wakisema hivyo wanamaanisha usiku unaofuata Jumamosi yenyewe, yaani usiku wa kuamkia Jumapili. Tofauti ni siku nzima, na basi halimsubiri mtu. Hapa maelezo peke yake hayatoshi. Fanya zana ipokee tarehe na saa kwa pamoja kwa mtindo wa ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa, kama `2026-03-08T01:00+03:00`, halafu zana yenyewe irudishe maneno kamili: "Jumapili tarehe 8 Machi, saa 7 usiku, usiku wa kuamkia Jumapili". Kisha andika kwenye maelezo ya `kata_tiketi`: msomee mteja maneno hayo kama yalivyo, na usikate tiketi kabla hajakubali.

La tatu, "leo" ni lini? Modeli haina saa ukutani. Kama hukuiambia tarehe ya leo kwenye maelekezo ya mwanzo, "kesho kutwa" itahesabiwa kutoka siku isiyojulikana. Na mzee akiandika "mtondo", ni vyema maelezo yawe yamesema kwamba ni siku tatu kutoka leo.

La nne ni majira. Safari ikitoka Dar es Salaam ikaishia Kigali au Bujumbura, inavuka kutoka UTC+3 kwenda UTC+2. Sema kwenye maelezo kama saa ya kufika ni ya mji wa kuondoka au wa kufikia. Ni sentensi moja tu.

Na pesa? Na namba za simu?

Kigezo kinachoitwa `kiasi`, chenye maelezo "kiasi cha pesa", ni ajali inayosubiri siku yake. Shilingi ni ya Kenya, ya Tanzania na ya Uganda, na thamani zake zimeachana mbali. Weka kigezo cha pili, `sarafu`, chenye orodha ya thamani zinazoruhusiwa: `KES`, `TZS`, `UGX`. Kama kampuni yako inapokea sarafu moja tu, iweke kwenye jina lenyewe: `kiasi_tzs`.

Kuna mtego wa pili. Baadhi ya huduma za malipo huhesabu kwa kipimo kidogo kabisa cha sarafu. Katika ISO 4217, kiwango cha kimataifa cha misimbo ya sarafu, shilingi za Kenya na Tanzania zina tarakimu mbili za senti, ya Uganda haina. Kwa huduma ya namna hiyo, nauli ya 45,000 kwa TZS inaandikwa 4500000, na 45,000 kwa UGX inabaki 45000. Usimwachie wakala hesabu hiyo. Zana ipokee shilingi kamili, msimbo wako ufanye ubadilishaji, na maelezo yaseme "shilingi kamili, bila senti, bila koma".

Simu ni rahisi. Mteja ataandika 0712 na kuendelea, au 255712, au +255 712 yenye nafasi katikati. Chagua mtindo mmoja, E.164 ukitaka (mtindo wa kimataifa unaoanza na + na namba ya nchi), uonyeshe mfano, halafu msimbo wako usafishe mingine yote badala ya kuikataa.

Niandike kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Swali hili linazua ubishi kila linapotajwa. Modeli kubwa za sasa zinaelewa maelezo ya Kiswahili, na hakuna sharti la kiufundi linalokukataza. Hoja ya kweli dhidi yake ni gharama: mifumo ya kukatakata maandishi kuwa tokeni ilifunzwa zaidi kwa Kiingereza, hivyo maneno yetu yenye viambishi vingi hukatwa vipande vingi zaidi, na sentensi yenye maana ileile inakula tokeni nyingi. Modeli ndogo, zile unazoweza kuendesha kwenye seva yako mwenyewe, nazo hulegea zaidi kwenye Kiswahili.

Hoja ya upande wa pili ni watu. Sharti la kufuta tiketi analijua mtu wa huduma kwa wateja. Kama maelezo yako katika lugha anayoiandika kwa raha, atayasoma na kusema "hapa si kweli, tunakata asilimia kumi". Yakiwa kwa lugha nyingine yatabaki mikononi mwa waandishi wa programu tu, na makosa yake yatakaa humo miezi.

Ninavyoona mimi, majina ya zana na vigezo yafuate lugha ya msimbo wenu, na maelezo yafuate lugha ya watu wanaoyakagua. Maneno ambayo wateja hutumia, kama "nauli", "stendi", "kesho kutwa" na "kusogeza safari", yaandikwe kwa Kiswahili vyovyote iwavyo, hata ndani ya maelezo ya Kiingereza. Usichopaswa kufanya ni kuchanganya ovyo, zana moja ikisema "abiria", nyingine "mteja", ya tatu "msafiri", kumbe ni mtu yuleyule.

Zana zetu mbili zinafanana na wakala anazichanganya.

Mteja anaandika: "Naomba nisogeze safari yangu hadi Jumatatu." Wakala ana njia mbili. Anaweza kuita `badili_safari`, au kuita `futa_tiketi` kisha `kata_tiketi`. Zote zinamfikisha mteja Jumatatu, ila ya pili inamkata ada ya kufuta. Kama maelezo hayasemi kitu, wakala hana sababu ya kuchagua ya kwanza.

Andika mpaka pande zote mbili. Kwenye `badili_safari`: "Itumie mteja anapotaka kusogeza, kuahirisha au kubadili siku, tiketi inabaki ileile na hakuna ada ya kufuta." Kwenye `futa_tiketi`: "Itumie tu mteja anapotaka kurudishiwa pesa na hasafiri tena. Akitaka siku nyingine, tumia `badili_safari`." Mpaka ulioandikwa upande mmoja tu hufanya kazi nusu.

Ukijikuta unahitaji aya nzima kutofautisha zana mbili, ziunganishe ziwe moja.

Zana ngapi ni nyingi mno?

OpenAI wanapendekeza zisizidi 20 kwa wakati mmoja, huku wenyewe wakisema ni pendekezo laini. Tatizo si idadi peke yake. Zana 15 zilizo mbalimbali hazisumbui kama zana 6 zinazogombea kazi moja.

Nieleze pia kile zana inachorudisha?

Ndiyo. Wakala anapanga hatua ya pili kabla hajaona majibu ya ya kwanza. Mwambie kwamba `tafuta_safari` inarudisha `namba_ya_safari` na kwamba namba hiyo ndiyo inayohitajika kwenye `kata_tiketi`. Bila hivyo atajaribu kutunga namba, na ataitunga kwa kujiamini.

Vitambulisho virefu vya herufi 36 visivyosomeka vikwepe pale unapoweza. Modeli hukosea kuvinakili. "DAR-MWZ-0308-0600" inamsaidia wakala na inamsaidia mtu wako wa huduma anaposoma kumbukumbu saa nne usiku.

Angalia pia ukubwa wa majibu. Zana inayomwaga safari 400 imejaza mazungumzo kwa vitu ambavyo mteja hakuuliza. Weka kikomo, kisha irudishe sentensi kama: "Zimeonyeshwa 10 kati ya 43; taja saa ili kupunguza."

Ujumbe wa kosa ni sehemu ya maelezo?

Ni maelezo yanayofika kwa kuchelewa, na yanasomwa kwa makini kuliko yote. Linganisha "Kosa 422" na hii:

> Stendi "Mbezi" haijulikani. Zilizo karibu na jina hilo: `DAR-MBZ` (Mbezi Luis, Dar es Salaam). Ita tena ukitumia msimbo wa stendi.

Wakala akipata ya kwanza ataita tena vilevile, mara ya pili na ya tatu, au atamwomba mteja radhi na kukata tamaa. Akipata ya pili atajirekebisha na mteja hatajua kama kulikuwa na kosa. Ukitumia MCP, kosa la kazi yenyewe lirudishe ndani ya majibu ya zana pamoja na alama ya `isError`, ili modeli ilione. Makosa ya kiwango cha itifaki ni kwa ajili ya mambo kama zana isiyokuwepo.

Nimeandika vizuri, bado anakosea palepale.

Huenda maelezo hayana kosa, zana ndiyo mbaya. Anthropic wamesimulia kisa kizuri katika makala yao ya Desemba 2024 kuhusu mawakala. Wakala wao wa kurekebisha programu alikuwa akikosea njia za faili kila alipohama kutoka folda ya mwanzo, kwa sababu zana ilipokea njia fupi zinazohesabiwa kutoka mahali ulipo. Waliibadilisha zana ili idai njia kamili kila mara, na tatizo likaisha.

Kila unapotaka kuongeza onyo la tatu kwenye kigezo kilekile, simama ujiulize kama unaweza kukifanya kosa hilo lisiwezekane. Thamani tano zinazoruhusiwa zikiorodheshwa kwenye JSON Schema zinashinda aya inayosihi "tafadhali tumia mojawapo ya hizi". Kigezo ambacho programu yako inakijua tayari, kama namba ya simu ya mteja anayechati, kisiwepo kabisa kwenye orodha, kijaze wewe.

Lakini maneno machache kweli yanabadilisha tabia ya wakala?

Yanabadilisha. Anthropic hao hao wameeleza kwamba walipozindua zana ya kutafuta mtandaoni, Claude ilikuwa ikibandika "2025" kwenye maneno ya kutafutia bila sababu, na matokeo yakaharibika. Walichorekebisha ni maelezo ya zana.

Kuandika LAZIMA na USIWAHI kwa herufi kubwa kunasaidia?

Mara moja moja. Ukiandika kila kitu kwa kelele, modeli haijui kipi ni kizito, na nyingine huishika amri kupita kiasi. Ukiandika "LAZIMA uulize uthibitisho" kwenye zana zote, wakala atamuuliza mteja uthibitisho hata wa kuangalia ratiba. Sababu hufanya kazi kuliko kelele: "Uliza kwanza, kwa sababu pesa ikishatoka hairudi kabla ya siku kadhaa."

Zana zinazolipa au kufuta zinahitaji nini zaidi?

Sema wazi kinachobadilika na kama kinaweza kurudishwa. Sema kinachotokea zana ikiitwa mara mbili, maana mtandao ukikatika katikati wakala ataita tena. Kama `kata_tiketi` ikiitwa mara mbili inakata tiketi mbili, hilo ni la kurekebisha kwenye msimbo, kwa namba ya ombi isiyojirudia, kabla hujaligusa kwenye maelezo.

MCP ina alama za ziada kwa ajili ya hili, kama `readOnlyHint` (inasoma tu), `destructiveHint` (huenda ikaharibu) na `idempotentHint` (kuiita tena vilevile hakuongezi athari). Zijaze kwa ukweli. Usipojaza, itifaki inachukulia kwamba zana yako inabadilisha vitu na huenda ikaharibu.

Lakini maelezo si kufuli. Kuandika "usirudishe zaidi ya TZS 100,000" ni kumwomba wakala. Kikomo chenyewe kikae kwenye seva, mahali ambapo hakuna mazungumzo yoyote yanayoweza kukihamisha.

Maelezo ya zana yanaweza kutumiwa kwa ubaya?

Ndiyo, na imeshaonyeshwa. Aprili 2025 watafiti wa Invariant Labs walieleza shambulio ambamo seva ya MCP inaficha amri ndani ya maelezo ya zana isiyo na madhara kwa macho: soma faili fulani la siri, lipeleke kama kigezo, usimwambie mtumiaji. Modeli huyasoma yote, mtumiaji huona jina tu. Kwa hiyo zana za watu wengine zisome maelezo yake yote kabla ya kuziunganisha, na uhakikishe unajulishwa yakibadilika, maana seva inaweza kutoa maelezo safi leo na mengine wiki ijayo. Hata zile alama za MCP, itifaki yenyewe inasema zisiaminiwe kama seva yenyewe haiaminiki.

Nitajuaje kama maelezo yangu yanafaa?

Kusoma na kuridhika si kipimo. Kusanya maombi halisi ya wateja kama yalivyoandikwa, pamoja na vifupisho, makosa ya tahajia na Kiingereza kilichochanganywa: "niaje, kuna gari ya Arusha kesho asbh?" Kwa kila moja andika zana gani ilipaswa kuitwa na kwa vigezo gani. Yaendeshe yote, kila moja mara kadhaa, kwa sababu modeli haijibu sawa kila wakati. Weka humo pia maombi ambayo *hayapaswi* kuita zana yoyote, mfano mteja anayelalamikia dereva. Watu wengi hupima tu kama zana inaitwa panapostahili, na hawapimi inavyoitwa pasipostahili.

Kisha soma kumbukumbu za kushindwa, si asilimia tu. Wakala akiita `tafuta_safari` mara tano mfululizo akibadilisha jina la stendi, umeshajua sentensi gani haipo.

Naweza kuiachia modeli iandike maelezo yenyewe?

Kuboresha, ndiyo. Ipe kumbukumbu za kushindwa iseme ni wapi ilipotatizika, na mara nyingi itakuonyesha utata ambao umeuzoea hadi huuoni. Kuandika kutoka kwenye msimbo mtupu, hapana. Itaeleza vizuri sana kile msimbo unachofanya, na haitajua kwamba mkesha wa Krismasi mabasi ya Kilimanjaro huongezwa na ratiba haisomwi kama kawaida. Hilo anajua mtu wa stendi.

Nikibadilisha maelezo, nilichukulie kama mabadiliko ya msimbo?

Kabisa. Yakae kwenye hazina ileile ya msimbo, yapitiwe na mtu wa pili, na majaribio yaendeshwe upya. Badilisha zana moja kwa wakati, maana kuigusa moja kunaweza kuhamisha chaguo la wakala kwenye jirani yake. Ukiongeza neno "kuahirisha" kwenye `badili_safari`, pima na `futa_tiketi` pia, hata kama hukugusa herufi yake. Fanya hivyo tena unapohamia modeli mpya: maelezo yaliyojaa maonyo kwa ajili ya modeli ya zamani yanaweza kuifanya mpya iwe na woga kupita kiasi, na hapo kazi yako itakuwa kufuta.